Toka Kwanza, Ndipo Sheria Ikulinde

Mwanamke aliyeolewa akifika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi Tanzania Bara, akaeleza kwamba mumewe alimwingilia kwa nguvu usiku uliopita, askari anaweza kumsikiliza vizuri, akampa fomu ya polisi ya PF3 akatibiwe, hata akamtafutia maji ya kunywa. Kisha litakuja swali dogo: mnaishi pamoja? Akijibu ndiyo, kesi ya kubaka kwa kawaida imeishia pale mezani. Kitakachofunguliwa, kama kitafunguliwa, ni jalada la shambulio la kudhuru mwili, na kwa hilo daktari sharti aone kitu. Jino lililong'oka lina kifungu chake. Mkono uliovunjika una kifungu chake. Tendo lenyewe lililomtoa mama yule nyumbani alfajiri halina kifungu.

Tusimlaumu askari. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ile ambayo wengi wanaiita SOSPA, kinaeleza mazingira ambamo mwanamume anahesabika amebaka. Aya ya kwanza inamtaja mwanamke ambaye si mke wake, au ni mke wake lakini wametengana, na ambaye hakuridhia. Mke anayelala nyumba moja na mumewe hayumo. Aya ya mwisho inasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, aridhie asiridhie, isipokuwa awe mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Katikati kuna aya inayozungumzia ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au vitisho, nayo haimtaji mke wala haimtoi. Mwendesha mashtaka mwenye moyo angeweza kuujaribu mlango huo. Lakini askari wa dawati hana kazi ya kujaribu milango. Anasoma aya ya kwanza, anafunga daftari.

Ukubwa wa jambo lenyewe si siri. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2005 utafiti wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza, asilimia 23 Dar es Salaam na asilimia 31 mkoani Mbeya walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenza huyo. Hao ni wale waliokubali kumwambia mgeni mwenye dodoso mkononi. Tunajua pia jinsi magazeti yetu yanavyoandika pale jambo hili linapomwaga damu: mume kamuua mkewe "baada ya kunyimwa unyumba". Soma tena kichwa cha habari cha namna hiyo utaona marehemu ndiye aliyepewa kitenzi cha kosa. Yeye alinyima.

Wanaotetea msamaha huu wa kisheria husema ndiyo mila yetu, ndiyo dini zetu. Historia ya kifungu chenyewe inasema vingine. Karne ya 17 huko Uingereza aliishi jaji mkuu aitwaye Matthew Hale. Katika kitabu kilichochapwa mwaka 1736, miaka 60 baada ya kifo chake, aliandika kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe halali, kwa kuwa siku ya ndoa mke amejitoa kwa mkataba na hawezi kujirudisha. Hakutaja kesi yoyote iliyoamuliwa hivyo. Hata hivyo, mahakama za Kiingereza ziliishi na sentensi hiyo zaidi ya miaka 200, na Waingereza walipoziandikia koloni zao kanuni za adhabu, waliifunga ndani yake. Kanuni ya Tanganyika ya 1930 na mwenzake wa Kenya zilitumia maneno yaliyomaanisha kumwingilia mwanamke isivyo halali, na kwa wasomaji wa Hale ndani ya ndoa hakuna kisicho halali. Uhindi ilikuwa imekwisha kumsamehe mume waziwazi tangu 1860.

Kwa Waingereza wenyewe sentensi ile ya Hale ilikufa Oktoba 1991. Mke mmoja alikuwa amerudi kwa wazazi wake. Mume akavunja akaingia wazazi walipokuwa hawapo, akajaribu kumwingilia kwa nguvu huku akimkaba shingo. Baraza la Malord, iliyokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, likasema katika zama hizi hakuna tena kinga kwa mume. Wala halikusimama kwenye hoja ya kwamba yule mke alikuwa ametoka nyumbani. Lilifuta kinga yote, kwa aliyetoka na kwa aliyebaki.

Sasa linganisha tarehe. Bunge la Tanzania lilikaa mwaka 1998, miaka saba baadaye, kuandika upya sheria ya makosa haya. Ilikuwa sheria ambayo wanawake, chama cha wanahabari wanawake TAMWA kikiwa mstari wa mbele, waliipigania sana, na iliongeza mengi ya maana: adhabu nzito, umri wa miaka 18, ushahidi wa mwathirika kukubalika peke yake. Katika sheria hiyohiyo, kwa kalamu yetu wenyewe, tukaandika waziwazi kile ambacho kanuni ya kikoloni ilikuwa imekificha ndani ya neno moja. Kwa hiyo lawama za mkoloni zina kikomo. Yeye alituachia ukungu, sisi tukaufanya ukuta.

Mila na dini, basi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mazungumzo mengi yanapokwama. Ni kweli kwamba bibi harusi wa pwani alikuwa na somo au kungwi wake, na wa mjini leo ana kitchen party, na kwamba katika mafundisho hayo husikia sana kuwa mume hanyimwi. Mama mwenye kanga kiunoni atasimama mbele ya ukumbi, kipaza sauti mkononi, atacheka na kuwachekesha, atasema mume akiguswa na njaa usimwambie jiko limezimika. Ukumbi utapiga vigelegele. Lakini kungwi huyohuyo, akiwa chumbani na mwari mmoja, hufundisha pia jinsi mume anavyopaswa kumwendea mke, subira yake, maneno yake, siku ambazo hamgusi. Mafundisho yale yana mambo yanayomkandamiza mwanamke, sitayapaka rangi. Ila sijawahi kusikia kungwi akifundisha kwamba mwari akabwe.

Katika fikihi, mume ana haki ya unyumba na mke ana haki zake, na mke anayekataa bila udhuru anaweza kupoteza matunzo ya mumewe. Lakini fikihi hiyohiyo inazo nyudhuru: hedhi, nifasi, maradhi, saumu ya Ramadhani, ihramu. Yaani zipo nyakati ambapo kukataa ni wajibu, na mume anayelazimisha ndiye mwenye dhambi. Mwili wa mke katika sheria ya Kiislamu si mlango usio na kitasa, na kadhi anaweza kuvunja ndoa kwa sababu ya madhara. Upande wa Wakristo, wahubiri wanaopenda waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 7, husoma nusu ya mstari unaomnyima mke mamlaka juu ya mwili wake, wakasahau nusu inayofuata, inayomnyima mume vilevile. Mtu anaweza kubishana na mimi kuhusu tafsiri hizi, na wapo wanazuoni wanaosoma kwa ukali zaidi. Ninachosema ni kwamba kinga ya jumla, isiyo na udhuru wala saa wala kipimo, haikutoka msikitini wala kwa kungwi. Ilitoka kwa Hale.

Hoja nyingine husema serikali isiingie chumbani. Imekwisha kuingia zamani. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kuingiliana kinyume cha maumbile, hakimsamehi mume. Adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kwa hali yoyote si chini ya miaka 30. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inatamka, kwa kuondoa shaka, kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mila iseme itakavyosema. Na inalo jambo lingine ambalo watu wachache wanalijua: hairuhusu shauri la kumlazimisha mwenzi arudi kuishi na mwenzake. Mume aliyeachwa anaweza kupeleka malalamiko kwenye baraza la usuluhishi, basi. Hakimu hana uwezo wa kuamuru mke arudi kitandani. Tukaishia hapa: kile ambacho mahakama yenyewe haiwezi kumpa mume kwa amri, sheria ya jinai inamwacha akichukue kwa mabavu.

Ndiyo maana naona kiini cha tatizo si neno "mke" katika kifungu cha 130, ni neno "wametengana". Sheria haikusema mke hawezi kubakwa na mumewe. Imesema anaweza, ila atoke kwanza.

Kutoka kuna gharama yake. Fikiria chumba kimoja cha kupanga Manzese: kitanda, kabati, pazia la kanga linalowatenga watoto wanaolala chini, jiko la mkaa uani. Kodi imelipwa miezi mitatu mbele kwa jina la mume. Mwanamke huyu atengane aende wapi? Kwa mwenye nyumba ya vyumba vinne, kuhamia chumba cha wageni huenda kukahesabika kutengana; kwa mwenye chumba kimoja hakuna chumba cha pili cha kuhamia. Aya ile haisemi kutengana ni nini, kama ni amri ya mahakama, ni makubaliano, au ni mke kufungasha na kwenda kwao wiki mbili. Na huko kwao kuna mahari. Tamko la sheria za mila la 1963 lina kanuni za kurudishwa mahari ndoa ikivunjika, na baba aliyekwisha kutumia ng'ombe wale kumwozea kijana wake hawezi kumpokea binti kwa furaha. Uganda walilitazama jambo hili: mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika shauri lililofunguliwa na shirika la MIFUMI, ilisema kudai mahari irudishwe ni kinyume cha Katiba. Haikufuta mahari yenyewe. Ilifuta kamba iliyokuwa ikimvuta mke arudi.

Akiamua kudai talaka, sheria inamtaka apitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, labda la kata, labda la msikiti au kanisa. Pale atakuta wazee ambao baadhi yao wanamwita mumewe mwanangu. Ataulizwa: anakupiga? Anakuacha na njaa? Ana mwanamke nje? Yote matatu akijibu hapana, wazee watatazamana. Wapo wazee wenye busara katika mabaraza hayo, sikatai. Lakini mwanamke aliyelelewa kutolitaja tendo la ndoa hata mbele ya mama yake, leo anatakiwa alieleze mbele ya watu watano ili apate cheti cha kuonyesha usuluhishi umeshindikana, apeleke mahakamani, athibitishe ukatili, avunje ndoa, ndipo awe mtu ambaye akiingiliwa kwa nguvu amebakwa.

Majirani wameshughulika na suala hili kila mmoja kwa namna yake, na si zote za kuiga. Kenya mwaka 2006 ilikuwa na mswada wa makosa ya kujamiiana wa Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, katika Bunge la watu 222 lenye wanawake 18. Mbunge mmoja mwanamume alisema bungeni kwamba mwanamke wa Kiafrika husema hapana akiwa na maana ya ndiyo. Wabunge wanawake wakatoka nje. Mswada ulipita baada ya kupunguzwa, na sehemu ya bei ilikuwa kifungu cha 43(5), kinachowatoa waliooana kihalali. Mwaka 2015 likaja jaribio la kuziba pengo kwa upande: Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Majumbani inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ni ukatili, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Mume akivunja amri hiyo ametenda kosa. Basi Kenya mume anaweza kushtakiwa kwa kuidharau karatasi ya mahakama, si kwa kubaka. Nacheka nikiandika hivi, lakini karatasi hiyo si kitu kidogo. Inamwezesha mke kulindwa huku amebaki nyumbani kwake, na hilo Tanzania hatuna. Sheria mahususi ya ukatili wa majumbani bado hatujaitunga.

Rwanda mwaka 2008 ililitaja kosa waziwazi katika sheria yake ya ukatili wa kijinsia, kwa adhabu nyepesi kuliko ya ubakaji mwingine. Burundi, katika kanuni yake ya 2009, ilifika mahali pa ajabu: anayembaka mwenzi wake kifungo cha siku nane na faini kati ya faranga 10,000 na 50,000, au kimojawapo. Afadhali Namibia, ambayo tangu 2000 imeandika kwa ufupi kwamba ndoa si utetezi katika shtaka la kubaka. Afrika Kusini ilikuwa imeondoa kinga tangu 1993, kabla hata ya uchaguzi wa kwanza wa wote. Nasi tuna ahadi zetu. Itifaki ya Maputo, kifungu cha 4, inazitaka nchi zipige marufuku kwa sheria kujamiiana kwa kulazimishwa, iwe faraghani au hadharani. Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Kenya iliridhia 2010 na ikaweka mashaka yake rasmi kwenye vifungu viwili vingine. Hicho cha 4 ilikipokea kilivyo.

Linabaki swali la ushahidi, ambalo ni gumu kweli na halifai kupuuzwa. Katika ubakaji mwingine, daktari akikuta dalili za kuingiliwa, tayari kuna kitu. Kwa mke na mume dalili hiyo haisemi lolote. Linabaki neno la huyu dhidi ya neno la yule. Lakini Mahakama ya Rufani, katika shauri la Selemani Makumba la 2006, ilikwisha kusema kwamba ushahidi wa kweli wa kubaka hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Hakimu anayeweza kumpima msichana asiyemjua mshtakiwa anaweza pia kumpima mke. Kesi nyingi zitashindwa, ndiyo, kama zinavyoshindwa hata za mtu baki. Ila si kila faida ya sheria huonekana kwenye hesabu za waliofungwa. Lile swali dogo la askari, mnaishi pamoja, lingebaki kuwa taarifa tu ya kuandikwa, badala ya kuwa hukumu.

Wanaume wenzangu wanaogopa kukomolewa: mke ana ugomvi wa kiwanja, anakimbilia polisi. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama mlango wa kukomoa usingekuwepo leo. Upo. Kifungu cha 154 kinampa mke yeyote mwenye nia mbaya shtaka la miaka 30 dhidi ya mumewe, na hatujaona foleni ya wake wakilikimbilia.

Miaka 30, hata hivyo, ni kikwazo cha kweli, na hapa natofautiana na baadhi ya wanaharakati ninaowaheshimu. Adhabu ya kubaka kwa mtu mzima huanzia hapo. Hakimu hana ngazi ya chini. Mke mwenye watoto watatu, ambaye mumewe ndiye analipa ada na kodi ya chumba, akiambiwa kwamba akisema neno baba wa watoto wake atatoka gerezani akiwa mzee, atanyamaza. Wengi wao hawatafuti kumfunga mtu. Wanataka usiku upite wakiwa wamelala. Kufuta maneno ya mwaka 1998 na kuacha kipimo hicho kilivyo kutatupa kifungu kizuri cha kusomwa kwenye warsha na kesi chache sana. Kuweka adhabu ndogo ya pekee kwa waume, kama Burundi, ni kumwambia mke kuwa yeye ni mwanamke wa bei ya chini. Njia ninayoiona ni kumrudishia hakimu uwezo wa kupima adhabu katika ubakaji wote wa watu wazima, mtu baki na mume kwa kipimo kimoja, na kuweka pembeni yake amri za ulinzi za mfano wa Kenya: mume ahame chumba, mke abaki na watoto na funguo. Najua kupunguza adhabu ya kubaka ni jambo ambalo mwanasiasa hapendi kulitamka jukwaani.

Wakati huohuo suala hili linaweza kuingia bungeni kwa mlango mwingine. Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka uleule wa 2016 Bunge liliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Binti wa miaka 15 aliye darasani akawa na ulinzi mkali kuliko wote nchini, na mwenzake wa mtaa huohuo aliyekosa shule akabaki mke halali ambaye mumewe hawezi kumbaka.

Uhindi ilikuwa na tatizo la namna hiyo, tena la umri uleule wa miaka 15, na Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikapandisha umri hadi 18. Wake wenye miaka 18 na zaidi hawakuguswa. Kanuni mpya ya adhabu ya 2023 imebeba kinga ya mume dhidi yao kama ilivyokuwa. Nasi tunaweza kufika palepale bila hata mjadala. Siku umri wa ndoa utakapokuwa miaka 18, maneno ya miaka 15 katika aya ya mwisho ya kifungu cha 130 yatakosa kazi, na mwandishi wa sheria atayafuta kwa mstari mmoja katika muswada wa marekebisho mbalimbali. Aya ya kwanza haitagusika. Binti atakayetimiza miaka 18 na kuolewa wiki hiyo atakuwa ametoka kwenye ulinzi wa aya moja na kuingia kwenye mwanya wa nyingine, na askari wa dawati ataendelea kumuuliza kama wanaishi pamoja.